Vitufe Tisa vya Nelly

Kila asubuhi, kabla jua halijauvuka mlima, Nelly Caisaguano alikuwa amekwisha kufanya kazi tatu. Alikuwa amekata majani mabichi na kuwalisha simbilisi, ambao walipiga kelele chini ya meza ya jikoni mpaka washibe. Alikuwa amekamua ng'ombe. Na alikuwa amemwekea mama mkwe wake, mama Zoila, bakuli la uji wa shayiri karibu na moto. Kazi ya nne ilikuwa kumsikiliza.

"Mwanangu, shayiri hii mbichi."

"Imeiva, mama."

"Basi labda meno yangu ndiyo mabichi."

Nyumba ile ilikuwa na watu wazima watano. Alikuwepo mama Zoila mwenyewe. Alikuwepo Segundo, mwanawe mkubwa, mume wa Nelly. Walikuwepo Aurelio, mwanawe mdogo, na mkewe Gladys. Na alikuwepo Nelly, ambaye huko kijijini Yanapamba alijulikana kwa jambo moja zaidi. Alikuwa katibu wa chama cha maji.

Chama cha maji si mchezo. Mfereji wa Yanapamba unatoka juu mlimani na kupita katika mitaa tisa. Kila nyumba ina zamu yake na saa zake. Mtu anayefungua na kufunga milango ya mfereji anaitwa mgawa maji. Akiwa mwaminifu, viazi vya wote vinaota. Akiwa mlegevu, wa chini wanakula vumbi. Ukitaka kumtukana mtu wa Yanapamba matusi asiyoyasahau, usimtaje mama yake. Mwite mwizi wa maji.

Mgawa maji wa miaka mingi, taita Baltazar, alikuwa ameomba kupumzika. Huko kila mzee huitwa taita, na mzee huyu magoti yake yalikuwa yamechoka kupanda na kushuka. Kila mtaa ulitoa mgombea mmoja wa kushika nafasi yake. Mtaa wa kina Nelly ulimtoa Aurelio. Mtaa wa chini ulimtoa Fausto Chiluisa, mtu mkimya, ambaye hakuwahi kukosa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfereji.

Zamani walipiga kura kwa kupanga foleni. Wagombea walisimama uwanjani, na kila mtu akajipanga nyuma ya amtakaye, mbele ya macho ya wote. Mara ya mwisho dada yake mama Zoila alijipanga nyuma ya mtu baki badala ya ndugu. Wazee wale wawili hawakusalimiana kwa miaka miwili, na nyumba zao zinatazamana.

Ndiyo maana kwenye mkutano Nelly alisimama na kusema, "Safari hii tupige kura ya siri. Kwa kompyuta. Programu nitaitengeneza mimi."

Alikuwa amejifunza lugha ya kompyuta iitwayo Python kwa miezi minne, katika chumba cha kompyuta cha kata, kwa mwalimu Rosario Caiza. Watu walimpigia makofi. Siku ile Nelly alirudi nyumbani kichwa juu, hata ng'ombe alimwona wa kijijini mno.

Jumamosi alikaa jikoni na kompyuta yake. Alichotaka kutengeneza ni vitufe vya redio. Ni vitufe vyenye umbo la duara, kila kimoja na jina la mgombea kando yake. Ukibonyeza kimoja kinawaka nukta nyeusi. Ukibonyeza kingine, cha kwanza kinazimika chenyewe. Vinaitwa hivyo kwa sababu redio za zamani zilikuwa na vitufe vya namna hiyo. Ulipokididimiza kimoja, kile kilichokuwa chini kiliruka juu. Ni vyema kwa kura, maana mtu hawezi kuchagua wawili.

Mama Zoila alikuja kuchungulia.

"Aurelio yuko wapi hapo?"

"Sijamwandika bado, mama."

"Mwandike wa kwanza."

"Mama, kuna utaratibu. Inafaa tufuate..."

"Mimi nimekuomba nini tangu uingie nyumba hii?"

Alikuwa akiomba kitu kila siku iendayo kwa Mungu, lakini Nelly hakuthubutu kumkumbusha. Alijua kwamba kumtanguliza shemeji yake si haki. Aliona haya kidogo, kisha akajifariji kuwa ni mpangilio tu. Akaandika kitufe cha Aurelio kikawa cha kwanza.

Baada ya hapo alifanya kama wanavyofanya wengi. Alinakili ule mstari wa Aurelio, akaubandika chini yake mara nane. Kisha akapita mstari kwa mstari akibadilisha jina. Katika kila mstari jina lilikuwa limeandikwa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni jina linaloonekana kwenye kioo cha kompyuta. Mahali pa pili ni thamani, yaani kile ambacho programu inakiandika kitufe kinapochaguliwa. Basi alipaswa kubadilisha mara mbili kwa kila mgombea.

Alipofika mstari wa sita, wa Fausto Chiluisa, alibadilisha jina la kwanza. Hapo hapo sauti ya Gladys ikapasua hewa.

"Dada Nelly! Ng'ombe kaingia kwenye maharage!"

Nelly alitoka mbio. Aliporudi, na tope hadi magotini, alitazama mstari wa sita. Aliona jina la Fausto. Akadhani amemaliza, akaendelea na wa saba.

Alijaribu kubonyeza kitufe cha kwanza. Kikawaka. Akajaribu cha mwisho. Kikawaka. Akafunga kompyuta, akaenda kuosha miguu.

* * *

Jumapili watu walijaa katika ukumbi wa chama. Kompyuta iliwekwa mezani nyuma ya blanketi lililotundikwa kwenye kamba. Kila mtu aliingia peke yake, akabonyeza jina, akatuma kura yake, akatoka. Nelly alisimama mlangoni na daftari la majina. Alikuwa amevaa kofia mpya.

Watu kama arobaini walipita. Wengine walitoka wamekunja uso kidogo, kama mtu aliyetaka kuuliza akaona soni. Kisha akaingia mama Mercedes, mama yake Fausto. Alikaa muda mrefu. Watu wakaanza kukohoa.

"Mama Mercedes, umelala?" mmoja akatania.

Sauti yake ikatoka nyuma ya blanketi, kali na safi, na ukumbi mzima ukaisikia.

"Nimembonyeza mwanangu. Mbona Aurelio naye kawaka?"

Shingo zote ziligeukia blanketi. Kisha kijana mmoja wa mtaa wa chini akasema, "Hata mimi viliniwakia viwili. Nikadhani ndivyo ilivyo."

"Na mimi!"

"Mimi niliogopa kuuliza, nisionekane mshamba."

Mwenyekiti Hernán Chicaiza alilivuta blanketi. Yeye mwenyewe alibonyeza jina la Fausto. Nukta mbili zikawaka, ya Fausto na ya Aurelio. Akaomba aonyeshwe hesabu. Fausto Chiluisa alikuwa na kura sifuri. Aurelio Toapanta alikuwa na ishirini na sita.

Hapakuwa na haja ya mtu kueleza. Kila aliyemchagua Fausto alikuwa ameandikiwa Aurelio. Na Aurelio alikuwa shemeji ya katibu.

Taita Baltazar alivua kofia yake. "Nelly," alisema taratibu, "nimefunga milango ya mfereji miaka mingi. Najua jinsi maji yanavyoibwa. Hii sijawahi kuiona."

"Taita, sikuiba. Naapa."

"Basi nani kaiba, ng'ombe?" mtu wa nyuma akauliza. Wakacheka. Hawakujua walivyokuwa karibu na ukweli. Kicheko kile Nelly alikisikia mpaka mifupani, na uso ukamwaka moto. Uso umeumbwa na haya, na siku ile wa Nelly ulikuwa na haya ya ukoo mzima.

Mwenyekiti alifuta kura zote. "Jumapili ijayo," alisema. "Kama katibu atatuonyesha programu isiyoiba, tutaitumia. La sivyo tunarudi kwenye foleni. Na katibu tutatafuta mwingine."

* * *

Nyumbani hakuna aliyekula. Mahindi ya kuchemsha yalipoa kwenye sahani. Segundo alisubiri mpaka wenzake watoke, kisha akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini.

"Uliiba?"

"Hapana."

"Basi ilikuwaje?"

"Sijui."

"Hilo 'sijui' ndilo linaloniogopesha," Segundo alisema. Akatoka kwenda kutazama ng'ombe aliyekwisha kutazamwa.

Aurelio naye alikuwa amejiinamia kizingitini. "Shemeji, umenimaliza," alisema. "Sasa hata nikishinda, nimeshindwa."

Mama Zoila hakugusia habari ya kumwandika Aurelio wa kwanza. Alisema tu, "Katika ukoo huu walikuwepo walevi. Alikuwepo mmoja aliyemkimbia mkewe. Mwizi wa maji hakuwahi kuwepo." Nelly alijikunyata kando ya moto, akatamani udongo wa jikoni upasuke.

Siku tatu hakutoka nyumbani, isipokuwa mara moja. Jumatatu alipokwenda kufua mferejini, wanawake waliokuwa wakicheka walinyamaza. Mmoja alivuta beseni lake pembeni kidogo. Nelly alizirudisha nguo nyumbani zikiwa na sabuni.

Jumatano mchana Rosario Caiza alibisha mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini, mkazi wa nyumba ya tatu kutoka hapo. Mfuko wa aproni yake haukukosa mahindi ya kukaanga, naye aliyatafuna hata akifundisha.

"Hukuja darasani jana," alisema.

"Naumwa, mwalimu."

"Unaumwa wapi?"

Nelly alivuta shali mpaka usoni.

"Unaumwa uso," Rosario alisema. "Unaogopa utaonekana. Sikiliza, mwanangu, mficha uchi hazai. Chukua kompyuta yako twende."

"Watu wataniona njiani."

"Watakuona. Kwani wewe ni mzuri kiasi gani wapofuke?"

Walipita njia nzima wakionekana. Nelly alitazama viatu vyake mpaka walipofika.

* * *

Katika chumba cha kompyuta Rosario alivuta kiti, akasoma programu ya Nelly kimya. Nelly alisimama nyuma yake kama mshtakiwa. Kidole cha Rosario kilishuka mstari baada ya mstari, kikasimama kwenye wa sita.

"Soma huu kwa sauti."

Nelly akasoma. Jina la kuonekana lilikuwa Fausto Chiluisa. Akafika kwenye thamani. Akaacha kusoma.

"Soma."

"Aurelio Toapanta," Nelly alinong'ona.

"Basi ndiyo hiyo. Usoni Fausto, tumboni Aurelio. Vitufe viwili vyenye thamani moja kompyuta inaviona ni kitufe kimoja. Ukiwasha hiki, na kile kinawaka. Hukuiba. Ulinakili ukasahau."

Nelly alikaa chini, akamweleza kuhusu ng'ombe aliyeingia kwenye maharage. Ungedhani angefurahi. Badala yake machozi yalimtoka.

"Unalia nini sasa? Si tumeuona ukweli?"

"Mwalimu, kwa nini ni jina la Aurelio lililobaki, si la mwingine?"

"Kwa sababu ulianza na mstari wake."

"Ndiyo. Na nilianza naye kwa sababu mama mkwe aliniambia nimtangulize. Nilijua si haki. Nikamtanguliza." Alifuta pua kwa shali. "Kwa hiyo siwezi kusimama mbele yao niseme sina kosa."

Rosario aliacha kutafuna.

"Basi usiseme huna kosa," alijibu. "Sema lile ulilonalo. Lakini kwanza turekebishe kazi. Niambie, taita Baltazar anagawaje maji?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Nieleze."

"Ana orodha ya zamu. Anakwenda kwenye mlango wa jina la kwanza. Anafungua, anangoja saa iishe, anafunga. Anakwenda kwenye jina linalofuata, anafanya vilevile. Mpaka orodha iishe."

"Ana maelekezo mangapi? Kila nyumba ina maelekezo yake?"

"Hapana. Maelekezo ni yale yale. Kinachobadilika ni jina tu."

"Ikijengwa nyumba mpya?"

"Anaongeza jina kwenye orodha."

"Na wewe umefanyaje?" Rosario aligonga kioo kwa ukucha. "Umeandika maelekezo mara tisa. Mara nane umebadilisha kwa mkono, sehemu mbili mbili. Hizo ni nafasi kumi na sita za kukosea, na ng'ombe mmoja anatosha. Kompyuta haichoki kurudia, mwanangu. Wewe ndiye unayechoka. Kazi ya kurudia iachie kompyuta. Huo unaitwa mzunguko."

Akachukua chaki. Ubaoni aliandika kwa majina matatu tu ya mfano, akitumia tk, yaani zana za Python za kuchora vitufe:

majina = ["Hilda Pilataxi", "Aurelio Toapanta", "Fausto Chiluisa"]
chaguo = tk.IntVar()

for namba, jina in enumerate(majina):
    tk.Radiobutton(dirisha, text=jina, variable=chaguo, value=namba).pack()

"Mstari wa kwanza ni orodha ya zamu," alisema. "Wa pili ni kisanduku. Ndani yake inakaa namba ya aliyechaguliwa, na vitufe vyote vinatumia kisanduku hicho kimoja. Ndiyo maana kimoja kikiwaka kingine kinazimika. Ungevipa kila kimoja kisanduku chake, vyote vingewaka pamoja."

"Na hilo neno *for*?"

"Ndilo linalosema: kwa kila aliyemo kwenye orodha, fanya hivi. Lile *enumerate* linampa kila mmoja namba yake linapopita. Sasa tazama mstari wa mwisho. Umeona nafasi iliyoachwa mwanzoni? Inaonyesha kwamba mstari huu uko ndani ya mzunguko. Usiisahau. Mstari umeandikwa mara moja, lakini kompyuta itaupitia mara tatu, na kila mara itatengeneza kitufe ndani ya dirisha la programu. Kwenye *text* ni jina la kuonekana. Kwenye *value* ni namba ya kuandikwa. Vyote viwili vinatoka kwenye orodha kwa pamoja. Fausto anaweza kupata namba ya Aurelio?"

Nelly alifikiri. "Hawezi. Kila anayepita anapewa namba yake."

"Haya. Futa ile mistari yako."

"Yote?"

"Hata ule wa shemeji yako."

Nelly aliifuta. Kisha akaandika majina tisa. Hakuanza na Aurelio. Alifuata orodha ya zamu za maji, kutoka mtaa wa juu kushuka hadi wa chini, kwa sababu orodha hiyo hakuna mtu Yanapamba anayebishana nayo. Hilda Pilataxi wa mtaa wa juu akawa wa kwanza. Aurelio akaangukia wa nne.

Aliendesha programu. Vitufe tisa vilijitokeza vyote mara moja, vimepangana. Rosario alirudi kwenye mahindi yake.

"Vizuri," alisema. "Funga twende."

Nelly alinyoosha mkono kufunga. Halafu akaurudisha. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Mwalimu, ngoja. Sijabonyeza chochote. Mbona Hilda amekwisha kuwaka?"

Rosario alichota mahindi mengine mfukoni.

Nelly aliutazama ubao, kisha kioo, kisha ubao. "Kompyuta inahesabu kuanzia sifuri," alisema polepole. "Hilda ni namba sifuri. Na kisanduku kikiwa kitupu nacho kina sifuri. Kwa hiyo kinadhani Hilda amechaguliwa. Mtu akiingia akatuma bila kuchagua, kura inakwenda kwa Hilda."

"Utafanyaje?"

"Nianze kisanduku na namba ambayo si ya mtu yeyote. Hasi moja." Aliandika *tk.IntVar(value=-1)*, akaendesha tena. Safari hii duara zote tisa zilikuwa nyeupe. Akaongeza sharti moja: kama kisanduku bado kina hasi moja, programu ikatae kupokea kura na kumwomba mtu achague.

"Uliliona tangu mwanzo?" alimuuliza mwalimu wake.

"Niliona. Nilitaka kujua kama utaliona. Jumamosi iliyopita usingeliona." Rosario alikung'uta aproni. "Sasa bonyeza vyote tisa. Kimoja kimoja. Usiniletee ule uvivu wa kujaribu cha kwanza na cha mwisho."

Nelly alibonyeza vyote. Kisha akabonyeza tena kuanzia mwisho.

* * *

Jumapili ilipofika ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Fedheha ya mtu huwa na wageni wengi. Nelly alivaa kofia ya zamani. Rosario alikuwa ameazima mashine ya shule ya kuonyesha picha ukutani, na programu nzima ilionekana, kubwa, juu ya ukuta mweupe.

"Ndugu zangu," Nelly alianza. Watu wa nyuma wakasema hawasikii. Akaanza upya. "Ndugu zangu, kura zenu za Fausto zilikwenda kwa shemeji yangu. Sikukusudia. Niliandika mstari mmoja, nikaunakili mara nane, nikasahau kuubadilisha mmoja. Lakini msinisamehe mapema. Mstari nilionakili ulikuwa wa Aurelio kwa sababu nilimwandika wa kwanza. Nilimwandika wa kwanza kwa sababu ni wa nyumbani kwangu. Nilijua si haki, nikafanya. Hilo ndilo kosa langu, na ninaona aibu kubwa."

Hakumtaja mama Zoila. Mama Zoila alikuwa mstari wa mbele, ametazama chini, akiukunja na kuukunjua upindo wa shali lake.

Kisha Nelly akawaeleza kuhusu mzunguko. Aliposema kwamba kompyuta inapita orodhani kama mgawa maji anavyopita milangoni, taita Baltazar alitikisa kichwa kwa kukubali.

"Na ukiongeza mtu?" mzee aliuliza.

"Naongeza jina moja kwenye orodha, taita. Basi."

"Na usipoligusa neno lingine, huwezi kuharibu la jirani."

"Ndivyo hasa."

"Hiyo naielewa," alisema taita Baltazar, akavaa kofia yake. Wengi walioona vile nao walilegeza mabega.

Fausto Chiluisa alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kusema katika jambo lile. "Naomba tubonyeze vyote tisa hapa, kila mtu akiona. Kisha tufute, ndipo tuanze."

"Ndivyo nilivyotaka kuomba," Nelly alijibu.

Wakabonyeza, na ukumbi mzima ukahesabu kwa sauti. Kila mara iliwaka nukta moja tu. Ya mwisho, ya Fausto, ilipowaka peke yake, mama Mercedes alisema, "Sasa mwanangu ni wangu mwenyewe," na watu wakacheka. Kicheko hicho Nelly aliweza kukivumilia. Wakafuta hesabu, mashine ya ukutani ikazimwa, blanketi likatundikwa, na watu wakaingia mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

Mwenyekiti alisoma matokeo. Fausto alishinda kwa mbali. Hilda alikuwa wa pili.

"Aurelio Toapanta," akasoma, "kura tatu."

Watu walitazamana. Halafu Aurelio mwenyewe akapasuka kwa kicheko, kichwa kimerudi nyuma.

"Tatu!" alisema. "Jamani, nyumbani kwetu tuko watano!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Hata Fausto alicheka. Mtu mmoja wa mtaa wa chini alimwendea Nelly, akampa mkono. Katika kundi lile hakuna aliyesema tena kwamba nyumba ile iliiba kura. Nyumba inayoiba haipati kura tatu. Mwenyekiti akatangaza kuwa katibu ni yule yule, na kwamba foleni za uwanjani zimekwisha.

Nelly alipokea mkono ule akiwa ameinamisha macho. Kura yake alikuwa amempa Fausto, kwa sababu Aurelio, mwema jinsi alivyo, haamki hata jogoo akimkanyaga. Hiyo ilikuwa moja kati ya mbili za nyumbani zilizokosekana. Ya pili hakujua ni ya nani. Labda Segundo, labda Gladys.

Waliporudi, Nelly alikaa jikoni kumenya maharage na mama mkwe wake. Nje Aurelio alikuwa akimwigiza mwenyekiti, na Segundo akicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Mama Zoila alimenya maganda kama kumi bila kuinua kichwa.

"Hukunitaja pale mbele," alisema hatimaye.

"Mkono ulioandika ni wangu, mama."

Kizee alikubali kwa kukohoa. Akamenya ganda jingine. Akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu karibu, kisha akashusha sauti.

"Hiyo programu yako. Inajua nani kabonyeza kitufe gani?"

"Hapana, mama. Inajua idadi tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Vizuri," alisema mama Zoila, akavuta bakuli la maharage karibu yake.